Kazi tatu zimeniita wiki moja: niende Kampala, Kasese au kwa wakimbizi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 24, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alikuwa polisi na tumekulia baraksi za Jinja, ndiyo maana nakuandikia Kiswahili bila taabu. Nimesoma diploma ya uuguzi, nimefaulu, nimesajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, na leseni ya kufanyia kazi nimeichukua juzijuzi tu.

Nilituma maombi kila mahali, hata pale ambapo moyo haukutaka, na kwa muda mrefu hakuna aliyenijibu. Sasa wiki hii nimeitwa sehemu tatu, na zote zinataka jibu haraka.

Ya kwanza ni hospitali ndogo ya binafsi Kampala, vitanda kama 14. Mshahara ni shilingi 750,000, nyumba najitafutia. Mwenye hospitali alinihoji mwenyewe, akanisifu sana, akasema hata kesho nianze. Ila mkataba unasema watakaa na vyeti vyangu halisi pamoja na leseni kwa miaka miwili "kwa usalama", na nikiondoka kabla ya hapo niwalipe mishahara ya miezi sita. Nilipouliza NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, akasema hiyo huanza mtu akishamaliza mwaka wa majaribio. Usiku anakuwepo nesi mmoja na msaidizi mmoja. Daktari anapigiwa simu.

Ya pili ni hospitali ya misheni upande wa Kasese. Mshahara 620,000, chumba kwenye nyumba za wafanyakazi na chakula cha mchana. Matroni aliyenihoji hakutabasamu hata mara moja. Aliniuliza maswali kama niko kwenye mtihani, kisha akaniambia miezi mitatu ya kwanza nitazungushwa wodi kwa wodi chini ya nesi mkubwa, na usiku sitaachiwa wodi peke yangu mpaka yeye aridhike. Mkataba ni wa miaka miwili. Kusema kweli nilitoka pale nimechukia kidogo. Nimesoma miaka yote hiyo, nikafundishwe upya? Wanataka jibu Ijumaa ijayo.

Ya tatu ni shirika linalofanya kazi na wakimbizi Kyangwali. Mshahara 1,450,000! Mkataba ni wa miezi sita, "unaweza kuongezwa kulingana na upatikanaji wa fedha". Ningekuwa kwenye kituo cha afya cha ngazi ya III. Walifurahia sana Kiswahili changu, maana wakimbizi wengi pale ni Wakongo. Usiku ule sikulala, nilikuwa napiga hesabu kichwani.

Mdogo wangu amemaliza Senior Four na anatakiwa kuingia Senior Five. Ada inanitazama mimi, kwa sababu pensheni ya baba inaisha kabla ya mwezi kuisha. Baba mwenyewe anasema nisisaini popote, ningoje ajira ya serikali, kwa kuwa serikali haimtupi mtu. Mama mdogo anasema nijiandikishe kwa wakala niende Saudia. Rafiki yangu niliyesoma naye anasema nichukue pesa ya shirika, ujuzi utakuja wenyewe.

Kuna jambo moja sijamwambia yeyote. Naogopa kuachwa peke yangu usiku na mgonjwa mahututi. Shuleni kila mara alikuwepo mwalimu. Je, mtu anayeogopa hivi alistahili kupewa leseni?

Nisaidie Shangazi.

Nesi Mpya, Jinja

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa leseni.

Barua yako umeijibu mwenyewe, ila jibu umelificha chini kabisa, baada ya mishahara na maneno ya watu. Unaogopa usiku. Usione haya. Nimeshika wodi miaka mingi kabla ya kustaafu, na kila walipoletwa manesi wapya, aliyenikosesha raha ni yule asiyeogopa kitu. Mwenye hofu anauliza. Asiye na hofu unakuja kusikia habari zake asubuhi, kwenye ripoti.

Kwa hiyo tuanze na usiku, mshahara tutaukuta mbele.

Chukua usiku wa kawaida wa msimu wa mvua. Saa nane mama anaingia amebeba mtoto. Shingo imelegea, anapumua mbiombio, viganja vyeupe. Kipimo cha malaria kinasema ndiyo. Unampima, kilo 12. Artesunate, sindano ya malaria kali, kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, basi ni miligramu 36. Kichupa kina unga wa miligramu 60. Unauyeyusha na ile bikaboneti yake, unatikisa mpaka maji yawe safi, unaongeza mililita 5 za saline ili kila mililita iwe na miligramu 10, unavuta 3.6. Najua unaijua. Uliipiga darasani ukapata tiki nyekundu. Sasa ipige umeme umekatika, simu umeibana kwa meno ikumulike, mama analia, bibi anauliza mbona unachelewa, na mshipa hauonekani. Na bado hujapima sukari ya mtoto, hujajua kama benki ya damu ina chochote, hujaamua kama huyu anabaki kwako au anapelekwa mbele. Nyuma yako kuna wagonjwa wengine ishirini, na mmoja dripu yake imeisha.

Anayekuokoa pale ni mtu wa kumwambia, "Sista, niangalizie hii," naye akasogea, akasoma karatasi yako, akasema, "3.6, sawa, sukuma taratibu." Ukifanya hivyo usiku baada ya usiku, siku moja utakuta wewe ndiye unayeitwa kuangalia ya mwenzio. Rafiki yako anasema ujuzi utakuja wenyewe. Hauji wenyewe. Unaletwa na watu, na ndiyo maana kwa kazi zote tatu mimi nina swali moja kabla ya mengine: saa nane usiku, ni nani aliye karibu kiasi cha kusikia ukiita?

Kampala jibu ni simu. Simu yenyewe huenda imezimwa.

Hospitali hiyo sitaichelewesha. Usiende. Zipo hospitali za binafsi Kampala ambazo nesi mpya anajifunza mambo ambayo wilayani hatayaona, vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine zake, na ungeniambia umeitwa mojawapo ya hizo tungezungumza vingine. Hii yako ni vitanda 14, nesi mmoja, na mwajiri anayetaka kukaa na karatasi zako. Leseni ni ya kwako, ina jina lako na namba yako. Si ng'ombe wa kuwekwa rehani. Mwajiri ana haki ya kuiona, kutoa nakala, na kulithibitisha jina lako kwa Baraza. Akishafanya hayo, ya halisi anaihitaji kwa kazi gani, kama si kukuzuia usiombe kazi kwingine? Wilaya ikitangaza ajira na kukuita kwenye usaili na vyeti halisi, utavipata wapi?

Halafu hilo la NSSF alikudanganya, au naye hajui, na sijui lipi ni afadhali. Mchango ni asilimia 15 ya mshahara: 5 zinakatwa kwako, 10 anatoa mwajiri juu ya mshahara wako. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, mwajiri yeyote anabanwa, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Na "mwaka wa majaribio" hauendi hivyo. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema majaribio yasizidi miezi sita. Yanaweza kuongezwa miezi mingine sita isiyozidi, lakini wewe ukiwa umekubali. Mtu anayeanza kukupunja kabla hujavaa yunifomu yake atakupunja vizuri zaidi ukishaivaa.

Sasa pesa. Ulipiga hesabu kichwani, ngoja tuipige kwenye karatasi, maana mshahara wa kwenye barua na mshahara wa mkononi hawafanani. Kwa viwango vya PAYE, kodi ya mshahara, vya tangu 2012, shilingi 235,000 za kwanza hazikatwi kitu. Laki moja inayofuata inakatwa asilimia 10, kutoka 335,000 hadi 410,000 asilimia 20, na zinazozidi hapo asilimia 30. Weka na NSSF yako ya asilimia 5. Ile 750,000 ya Kampala, ikikatwa yote kihalali, inabaki 585,500. Toa chumba kimoja cha kupanga, tuseme 250,000, na nauli ya taksi na boda, maana zamu ya usiku huwezi kurudi nayo kwa miguu. Tuseme 130,000. Umebaki na laki mbili na kidogo, na hujala. Ile 620,000 ya Kasese inabaki 501,000, na chumba unacho, mchana umekula, kazini unavuka uwanja tu. Kwa hiyo hospitali "yenye mshahara mdogo" ndiyo itakayokuachia pesa zaidi mfukoni. Watoto wengi wa baraksi wanaoingia Kampala mara ya kwanza hugundua jambo hili mwezi wa pili.

Kyangwali sitakuficha. Hiyo 1,450,000 ni 1,040,500 mkononi. Miezi sita ni 6,243,000. Kasese kwa mwaka mzima ni 6,012,000. Yaani nusu mwaka kwa wakimbizi inaizidi kidogo Kasese ya mwaka. Mtu mwenye ndugu anayesubiri ada hawezi kuambiwa aidharau hesabu hiyo, na mimi sikwambii uidharau.

Ninachokwambia ni uisome ile sentensi ya mwisho ya mkataba, "kulingana na upatikanaji wa fedha". Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wahudumu wa afya wengi hapa Uganda waliokuwa wakilipwa na miradi ya Ukimwi waliambiwa wakae nyumbani, na mwezi uliofuata Wizara ya Afya ikaagiza kliniki za VVU zichanganywe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Walikuwa watu wazuri, wenye uzoefu, na kosa lao halikuwepo. Mwenye miaka kumi ya kazi alitikisika, akatafuta pengine. Wewe ungeachwa na miezi miwili ya kazi kwenye karatasi na shule ya mdogo wako umeshaianzisha. Labda mfadhili wa shirika hili ni mwingine kabisa. Basi waulize jina la mradi na tarehe unapoisha. Ofisa wa ajira anayejua kazi yake atakujibu palepale. Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Jambo la pili la Kyangwali linanisumbua kuliko pesa. Kituo cha ngazi ya III huongozwa na afisa wa kliniki, si daktari. Kina wodi ndogo na kina uzazi, lakini chumba cha upasuaji hakina; hicho kinaanzia ngazi ya IV. Usiku, mkunga akiwa mgonjwa au yuko likizo, mama anayetaka kujifungua hakuulizi diploma yako ni ya nini. Wewe umesoma uuguzi, hukusomea ukunga kama fani yako. Uliona uzazi shuleni, ulishika mikono michache, ukasainiwa kitabu. Sasa ni saa tisa usiku, kichwa kimetoka, mabega yamekwama, na gari la wagonjwa liko njiani au halipo. Jambo likienda vibaya, Baraza litauliza kwa nini ulifanya kazi ambayo si ya leseni yako, na shirika litasema nesi hakufuata utaratibu. Nimeona vijana wenye moyo mzuri wakiachiwa mzigo wa namna hii. Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo Kyangwali uliza zamu ya usiku ina watu wangapi, ni kina nani kwa vyeo, na mkunga yupo kila usiku au usiku wa baadhi ya siku. Wakikuonyesha ratiba ya mwezi uliopita kwa majina, nitaanza kulegea.

Kwa sababu kweli Kiswahili chako kule ni mali. Watu waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri wakifika kituoni na mtoto mgonjwa hawahitaji mkalimani kati yao na wewe. Mama anakwambia mwenyewe homa ilianza lini, alimpa dawa gani ya dukani, choo cha mtoto kikoje. Hapa kwetu Kiswahili kimesimangwa sana kuwa lugha ya askari, na Baraza la Mawaziri mpaka Julai 2022 ndiyo likasema kifundishwe lazima mashuleni. Wewe uliyekipata baraksi bure, kiandike kwenye wasifu wako juu kabisa, chini ya namba ya leseni. Na usidhani kitalala bure Kasese. Mpaka wa Mpondwe uko palepale, wagonjwa wanavuka kutoka Kongo kila siku ya soko. Lukonzo, lugha ya wenyeji, utajifunza kwa wenzako.

Tumefika Kasese, kwa matroni asiyetabasamu. Yule umemsoma vibaya, binti yangu. Mtu aliyekuambia kwamba hatakuachia wodi usiku mpaka aridhike amekuahidi kitu ambacho wale wawili hawakukitaja hata kwa neno moja. Ulichukia kwa sababu ulisikia "hujui". Mimi nasikia mtu mwenye ratiba, mwenye manesi wakubwa wa kutosha kukaa nawe, na ambaye ameshaona nini hutokea wasipokaa. Miezi mitatu ya kuzungushwa itakupitisha wodi ya watoto, ya wanawake, ya upasuaji, pengine na wagonjwa wa nje, na siku ukiwa kwenye usaili wa wilaya ukaulizwa umefanya nini, utakuwa na la kusema.

Hata hivyo misheni si mbinguni. Hospitali hizi huishi kwa ada za wagonjwa, ruzuku kidogo ya serikali na wafadhili, na mwezi ukiwa mbaya mshahara unaweza kuchelewa. Usimwulize matroni. Tafuta nesi yeyote kantini umwulize mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi, na wa mwezi wa kabla yake. Waulize pia kama chumba unachopewa unalala peke yako au mko watatu, na maji yanatoka wapi.

Kwenye mkataba wao wa miaka miwili tafuta kipengele cha kuondoka. Ukishatimiza mwaka, sheria inadai notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kabla ya hapo, ukishapita miezi sita, ni wiki mbili. Kama mkataba unasema utoe notisi kisha uende, saini. Kama unasema ulipe ndipo uende, rudi uulize kwa nini. Wakikupeleka kusoma kwa pesa zao halafu wakataka uwatumikie miaka kadhaa, hiyo ni haki yao. Kukufunga kwa sababu tu wamekuajiri, hapana. Likizo ya mwaka hesabu siku 21, saa za wiki zisizidi 48, na uzazi, ukifika huko, ni siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Hayo yapite haraka, yako kwenye sheria, hakikisha tu hayajapunguzwa.

Hili usilipite haraka: ukichomwa sindano ya mgonjwa saa nane usiku, dawa za kinga ya VVU unazipata wapi? Zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, na unazimeza siku 28. Hospitali iliyojipanga itakuambia ziko kabati gani na ufunguo anao nani. Uliza pia kama wanachanja wafanyakazi homa ya ini aina ya B. Na uliza glovu. Kasese ndiko Ebola ilikoingilia Juni 2019, na familia iliyovuka kutoka Kongo; na Januari 2025, mlipuko ulipotangazwa Kampala, mgonjwa wa kwanza kujulikana, naye alikuwa amekwisha kufa, alikuwa muuguzi wa hospitali ya Mulago. Sikutishi. Nataka ujue kwamba swali la glovu ni swali la kazi, huna haja ya kuliuliza kwa kunong'ona.

Baba yako nina heshima naye, na kuhusu serikali hajakosea. Tangu mishahara ya watumishi wa sayansi ilipopandishwa mwaka wa fedha 2022/23, nesi wa serikali analipwa vizuri kuliko wengi wa misheni na wa binafsi, na mwisho wa safari kuna pensheni. Matroni wa Kasese anajua; kila wilaya inapotangaza ajira, wodi zake hupungukiwa watu. Alipokosea baba ni kwenye kungoja. Vituo na hospitali za wilaya huajiri kupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya, hospitali za rufaa kupitia Tume ya Utumishi wa Afya, na hakuna anayejua tangazo lijalo litatoka lini. Ukishachukuliwa napo, kuingia kwenye orodha ya mishahara kunaweza kula miezi. Mwambie hivi: "Baba, nitaomba kila tangazo, lakini nitaomba nikiwa Kasese." Atakuelewa, alikuwa askari, anajua mtu haombi uhamisho akiwa hana kituo. Na akitokea mtu wa kuwaambia kwamba kazi ya wilaya inapatikana kwa kumpa kitu kidogo, msimpe. Watu wameuza viwanja kwa ahadi hizo.

Ada ya Senior Five ikae wazi mezani kabla hujapanda basi. Kutoka 501,000 unaweza kuweka 150,000 kila mwezi bila kulala njaa, kwa sababu hulipi nyumba. Muhula mmoja unakuja kila baada ya miezi minne hivi, kwa hiyo ni 600,000 kwa muhula. Chagueni shule inayoingia humo au baba ajazie, na mdogo wako aambiwe kiasi hicho mapema ili asijaze fomu ya shule ya mabweni ya watoto wa mawaziri. Usiseme "nitaangalia". Dada wakubwa wanaosema "nitaangalia" huishia kukopa kwa wenye riba kila muhula unapofunguliwa.

Kwa hiyo nenda Kasese. Kyangwali ningekubali iwapo tu watakuonyesha ile ratiba ya usiku yenye mkunga na nesi mkubwa, na tarehe ya mradi iliyo mbali kuliko miezi sita. Wakikosa moja, achana nayo kwa sasa. Baada ya mwaka au miwili ya wodi, mashirika hayohayo yatakutaka zaidi, na wakati huo wewe ndiye utakayekuwa unaangalizia watu hesabu zao.

Usingoje Ijumaa. Piga simu Jumatano asubuhi, mwambie matroni umekubali, na umwombe akutumie mkataba uusome kabla hujaenda kusaini. Nenda na vyeti halisi vikaonwe, nakala ziachwe, na halisi zirudi kwenye begi lako siku hiyohiyo. Wa Kampala mpigie umshukuru, usianze kumfundisha sheria. Wale wa Kyangwali waandikie barua pepe fupi ya adabu, kwamba unawashukuru na ungependa wakukumbuke siku zijazo. Waajiri wa mashirika hutunza majina, na nesi mwenye leseni anayejua Kiswahili hawampati kila siku.

Mama mdogo mwambie Saudia wanakohitaji nesi huwa wanauliza uzoefu kwanza, na wakala yeyote ni lazima awe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Akiendelea kukushinikiza, mwambie Shangazi amekataa, anikasirikie mimi.